Jumamosi Mbili za Maji Kupwa: Kisa cha Familia Iliyochagua Mtaa wa Kuishi Pwani

Nyumba yenyewe niliikagua mimi, nikaiandikia kuwa ni nzima. Ilikuwa nzima kweli: kuta hazina ufa, paa halivuji, nyaya za umeme zimepitishwa vizuri. Miezi kumi na minne baadaye familia ilihama, na si kwa sababu ya lolote nililoliandika kwenye ripoti ile. Waliponiita tena nilikaa nao jioni mbili nikayaandika yote kwa mpangilio, kwa ruhusa yao, ili wanaotafuta makazi pwani wapate cha kujifunzia. Majina, mji, tarehe na chochote cha kuwatambulisha nimeviondoa.

Familia na walichokuwa wakitafuta

Walikuwa watu watano: mume, mke, watoto wawili na mama mzazi wa mume, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua. Mtoto mdogo ana pumu. Walitoka sehemu ya bara yenye baridi na hewa kavu, wakahamia mji wa pwani yenye joto kwa ajili ya kazi ya mume. Hakuna kati yao aliyewahi kuishi karibu na bahari. Mwanzoni walitaka kununua moja kwa moja, kwa kuwa fedha za kuanzia walikuwa nazo. Bibi ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kuzikwa kwenye ardhi asiyoijua, wapange kwanza. Wenyewe walilichukua neno lile kama woga wa uzee.

Walikuwa na mitaa mitatu ya kuchagua. Wa kwanza nitauita Mtaa wa Ufukweni: majengo marefu mapya, bahari dirishani, kodi ya juu. Wa pili, Mtaa wa Hori, uko nyuma ya majengo hayo, kwenye tambarare inayoishia kwenye mikoko ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Ni mtaa mtulivu, shule iko umbali wa kutembea, na kodi ni pungufu kwa karibu theluthi moja. Wa tatu, Mtaa wa Juu, uko kwenye mwinuko upande wa bara. Kutoka huko hadi kazini kwa mume ni karibu saa nzima ya basi, na kuna kilima ambacho bibi asingekiweza kwa miguu.

Ziara mbili

Walifika mara ya kwanza siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, wakati wa kiangazi. Hori lilikuwa limekauka hadi katikati, kaa wanatembea kwenye tope, mitaro ya barabarani mikavu kabisa. Upepo wa baharini ulikuwa umeanza kuvuma. Mke aliniambia kwamba alisimama uani akafumba macho, akasema hapa.

Walijiona ni watu waangalifu, kwa hiyo hawakuamua siku hiyo. Walirudi baada ya wiki mbili kamili, Jumamosi tena, saa tano tena, maana wakitoka alfajiri ndiyo saa ya kufika. Waliona mtaa uleule, mkavu na mtulivu. Wakaridhika kwamba wameuthibitisha.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kisa kilipoamuliwa. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapokuwa mpevu na tena unapoandama, au siku moja mbili baada yake. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 na robo tatu hivi. Kati yake huja maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Jambo ambalo mgeni halijui, lakini mvuvi yeyote analijua, ni kwamba mahali pamoja bamvua hujaa karibu saa zilezile kila inapokuja. Katika mji huu hujaa kwenye saa kumi na moja alfajiri na tena jioni kabla ya magharibi, na hupwa kabisa karibu na saa tano asubuhi. Jumamosi ya kwanza ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Ukihesabu wiki mbili mbele, unaangukia bamvua ya mwezi mwandamo, saa ileile, maji yakiwa yamekwenda mbali kuliko siku yoyote nyingine. Kwa bahari, Jumamosi zile mbili zilikuwa siku moja. Wangerudi baada ya wiki moja, saa ileile wangekuta maji horini; na siku ileile wangebaki hadi jioni, wangeona hori limejaa hadi ukingoni.

Ukaguzi wangu

Niliitwa kati ya ziara hizo mbili, kukagua nyumba peke yake. Niliona soketi za umeme zimepachikwa juu, usawa wa kifua, nikaandika kwamba ni salama kwa watoto. Niliona kizingiti cha mlango wa mbele kimeinuliwa kwa kozi mbili za matofali, nikadhani ni cha kuzuia mchanga. Rangi ya ukuta wa nje ilikuwa mpya hadi usawa wa goti na kuukuu kuanzia hapo kwenda juu. Hilo sikuliandika kabisa.

Alama tatu, zote zikisema neno moja, na mimi nilizisoma kila moja peke yake. Fundi aliyezipandisha soketi zile alikuwa anajua maji yanafika wapi.

Uamuzi na sababu zake

Walichagua Mtaa wa Hori. Walikuwa wametengeneza jedwali la alama: kodi, umbali wa shule, umbali wa kazi, usalama, utulivu, ukubwa wa nyumba. Hori liliongoza kwa mbali, na kwa vigezo vile lilistahili. Mtaa wa Ufukweni waliuacha kwa sababu ya kodi, na pia mke alikuwa ameona grili za madirisha ya ghorofa la miaka michache tu zikidondosha kutu kama magamba. Aliona sawasawa. Chumvi inayorushwa na mawimbi hutua kwa wingi ndani ya mita mia chache za kwanza kutoka pale yanapovunjika. Ikishapenya kwenye zege na kuzifikia nondo, kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutokea ndani.

Mtaa wa Juu waliuacha kwa sababu ya bibi na safari ya kazini. Hizi nazo zilikuwa sababu nzito, na sitaki msomaji aone kwamba walikuwa wazembe.

Walipanga kwa mkataba wa miaka miwili. Mke akadai kiongezwe kifungu cha kuruhusu kuondoka baada ya mwaka mmoja kwa notisi ya miezi miwili. Mwenye nyumba alikubali bila kubishana.

Miezi ya kwanza

Miezi mitatu ilipita vizuri, isipokuwa usiku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari na kuvuta upepo wa baharini. Usiku mambo hugeuka, na upepo unaotoka bara huwa dhaifu. Majengo marefu ya ufukweni yalikuwa yanakinga hata ule wa mchana, usiku ndiyo usiseme. Unyevu ulikaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Nguo za kabatini zikaanza kunuka, mlango wa chumba cha watoto ukavimba hadi ukawa haufungiki, na siku moja mke alipovuta godoro la mtoto mdogo akakuta ukutani doa jeusi la kuvu, pana kama sinia. Kikohozi cha usiku kilikuwa kimeanza wiki kadhaa kabla. Kuvu na utitiri wa vumbi hustawi kwenye hewa yenye unyevu, na vyote viwili vinajulikana kuamsha pumu.

Walisogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, wakatoboa dirisha dogo upande wa pili wa chumba ili hewa ipite. Kikohozi kilipungua sana.

Mwezi wa nne choo kilianza kubwabwaja. Si kila siku. Kilibwabwaja alfajiri fulani na jioni fulani, kisha kikanyamaza zaidi ya wiki nzima. Fundi bomba alikuja mara mbili mchana, asione kitu.

Mvua

Masika yalipofika, mvua kubwa ya kwanza ilinyesha saa kumi jioni, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kufikia magharibi barabara ilikuwa na maji ya kufika kwenye ugoko. Yaliingia hadi kozi ya pili ya kizingiti, yakasimama hapo karibu saa nne, kisha yakaondoka haraka kana kwamba mtu amezibua. Asubuhi jua likawaka na barabara ikakauka. Mpita njia wa saa tano asingejua kitu.

Wiki moja baadaye ikanyesha mvua nyingine, kubwa kama ile au kuizidi kidogo. Mtaro ukaimeza yote.

Mume ndiye aliyeshangaa kwanza, akanunua daftari. Alichora safu nne: tarehe, mwezi ulivyo, mvua, maji yalipofika. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa limetoa jibu bora kuliko ukaguzi wangu. Mtaro wa mtaa unaishia horini kwa kalavati. Bahari ikiwa chini ya mdomo wa kalavati, mvua inapata pa kwenda. Bamvua ikijaa, bahari inasimama juu ya mdomo ule: maji ya mvua hayana njia ya kutoka, na mvua isiponyesha, bahari yenyewe hurudi nyuma mtaroni. Choo nacho kilikuwa na maelezo hayohayo. Shimo la maji taka hutegemea udongo uliokauka kidogo ili linyonye, na hapo maji ya chini ya ardhi yalikuwa yanapanda na kushuka pamoja na bahari.

Walikuwa na jirani, mzee mwenye nyumba yake mwenyewe, mwenye miaka mingi hapo. Mume alimpelekea lile daftari. Mzee akaliangalia, akalirudisha. "Mwanangu," alimwambia, "ungeniuliza siku ya kwanza. Njoo jioni ya mwezi mpevu, nitakuonyesha ukutani kwangu." Ukutani kwake, nyuma ya mlango wa jikoni, kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja kwa kila mwaka, kama watu wanavyopima urefu wa watoto. Mistari ya karibuni ndiyo iliyokuwa juu.

Mume alimuuliza kwa nini hakuwaambia walipokuja kutazama. Mzee akajibu kwamba mwenye nyumba alikuwa amesimama nao, na yeye angesemaje?

Kubaki, kisha kuondoka

Baada ya mvua ile hawakuhama mara moja. Watoto walikuwa katikati ya muhula, na kifungu cha kuondoka kilikuwa bado hakijafika wakati wake. Walimwomba mwenye nyumba afunge vali ya njia moja kwenye bomba la maji taka, naye akafunga. Ilisaidia: uchafu haukurudi tena ndani. Lakini vali ikijifunga hata maji ya nyumbani hayatoki, kwa hiyo jioni za bamvua hakuna wa kuoga wala kufua hadi bahari ishuke. Waliishi hivyo kwa kalenda ya mwezi.

Kilichowaondoa kilikuwa kisima. Nyumba nane zilitumia kisima kimoja, na kuelekea mwezi wa nane maji yakaanza kuwa na ladha ya chumvi, kwanza kidogo, kisha hata sabuni ikawa haitoi povu. Waliyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Maji hupungua, chumvi hubaki. Karibu na bahari maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Kanuni iliyoelezwa mwishoni mwa karne ya 19 na mhandisi Mholanzi Badon-Ghyben, na tena na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, ni kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takribani mita 40 chini yake. Kwa hiyo mkivuta kwa pampu hadi maji yakashuka mita moja, chumvi ina nafasi ya kupanda mita 40 kutoka chini. Majengo mapya ya ufukweni yalikuwa yamechimba visima vyao virefu mwaka uleule.

Waliniita mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda na mpira wa maji, ule wa kupimia usawa, nikapima kutoka alama ya bamvua kubwa kwenye ukuta wa hori hadi sakafu ya sebule. Sentimita 40. Kwa wastani wa dunia bahari ilipanda milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, na kasi imekuwa ikiongezeka. Mtu anayenunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30, hata kama kasi isingeongezeka, angekuwa anapoteza sentimita 11 kati ya hizo 40 kabla hajamaliza deni. Mume alinyamaza muda mrefu. Alikuwa anawaza zile fedha za kununua.

Safari hii walichagua tofauti. Walienda Mtaa wa Juu mara nne: jioni moja ya bamvua yenye mvua, usiku mmoja usio na upepo, asubuhi moja ya siku ya kazi wakiwa ndani ya basi lenyewe, na Jumapili moja bila mpango. Hawakumuuliza dalali. Walimtafuta dereva wa gari la kunyonya maji taka, wakamuuliza mitaa anayoitwa mara nyingi na ile asiyoitwa. Aliwatajia kwa mpangilio, barabara kwa barabara, kwa dakika tano. Nimefanya kazi ya kukagua nyumba miaka mingi na sikuwahi kufikiria kumuuliza mtu huyo. Sasa namuuliza kila mara.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kupanga kabla ya kununua kuliwaokoa, na kile kifungu cha mwaka mmoja kilifanya wokovu huo uwezekane. Bibi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Daftari nalo lilifaa kwa namna ambayo hawakuitarajia: mwenye nyumba alipotaka kukata fedha za dhamana kwa ajili ya kuta zilizolowa, walimwekea kurasa zile mezani, naye akarudisha fedha zote.

Jedwali la alama lilifeli, ingawa wazo lenyewe la kuwa na jedwali halikuwa baya. Vigezo vyote sita vilikuwa vya mji wa bara. Hakuna hata kimoja kilichouliza nyumba iko juu ya bamvua kwa kiasi gani, mtaro unaishia wapi, maji ya kunywa yanatoka kina gani, au upepo unapita wapi usiku. Waliuliza umbali kutoka baharini, ambalo ni swali la mandhari na la kutu. Mafuriko huamuliwa na kimo. Nyumba iliyo mita mia mbili kutoka ufukweni juu ya mwamba inaweza kuwa kavu maisha yake yote, na iliyo kilomita mbili ndani, kando ya hori, ikaoga kila bamvua.

Kosa la pili ni langu na la wakaguzi wenzangu wengi. Tunakagua nyumba kana kwamba haina mtaa. Tangu kisa hiki ripoti zangu zina ukurasa wa kwanza unaohusu nje ya ukuta: vizingiti vya majirani, soketi zimepachikwa wapi, rangi mpya inaishia wapi, mdomo wa kalavati uko juu au chini ya alama ya maji. Wateja wengine hulalamika kwamba hawakuuliza hayo. Nawaandikia hata hivyo.

Lipo pia la majirani, na hili sina dawa yake. Mzee alijua kila kitu, na adabu ilimzuia kumwaibisha mwenzake mbele ya wageni. Angeulizwa faraghani angesema. Familia haikumuuliza kwa sababu nayo ilikuwa na adabu: haikutaka kuonekana inachunguza. Ninachoweza kushauri ni kwenda peke yako, bila dalali na bila mwenye nyumba, jioni watu wanapopumzika nje, na kuuliza swali ambalo halimlaumu mtu. Mimi huuliza hivi: "Mvua kubwa ya mwisho, maji yalifika wapi?"

Hali ilivyo sasa

Wana mwaka wa pili Mtaa wa Juu. Mtoto amepata shambulio moja tu la pumu tangu wahamie. Mume hutumia karibu saa mbili barabarani kila siku na hafichi kwamba zinamchosha. Bado hawajanunua.

Bibi ndiye aliyepoteza zaidi. Kule horini alikuwa amepata watu: mke wa yule mzee na wanawake wengine wawili waliokuwa wakikaa naye barazani kila alasiri. Huku juu kilima kinamfungia ndani. Mara moja kwa wiki mwanawe humteremsha kwa gari hadi kwa mzee, na wameshajifunza kuipanga siku yenyewe kwa kalenda ya mwezi, wakienda wakati wa maji mafu. Mzee hana mpango wa kuondoka. Nyumba ni yake, na kwa bei ya leo hakuna wa kuinunua. Mwaka huu amechora mstari mwingine nyuma ya mlango wa jikoni, vidole viwili juu ya ule wa mwaka jana.